Analisisi ya Fourier ngazi ya uzamili: anza na hesabu za mkono, theoremu kubwa baadae

Hili somo lina sifa ya kutisha, na nadhani sehemu kubwa ya woga inatokana na watu kudhani ni somo la mawimbi. Mawimbi yapo sawa, unavunja funksheni kuwa sine na cosine, ila kazi utakayokuwa unafanya kila siku ni kukadiria. Unapewa intigrali yenye sura mbaya, unaikata, kipande cha karibu na kipande cha mbali, au pale funksheni ilipo kubwa na pale ilipo ndogo, kila kipande unakiwekea dari yake kwa njia inayokifaa halafu unajumlisha uone kama jumla inabaki salama. Basi. Fungua karibu uthibitisho wowote humu utakuta mahali fulani mtu amekata kitu vipande, na kujua amekata wapi na kwanini hapo hapo, hiyo ndo elimu yenyewe.

Mi nililijua hilo kwa kuchelewa. Mtihani wangu wa kwanza niliingia nimekariri theoremu kama kumi hivi, majina na miaka na kila kitu, swali la kwanza likasema onyesha kwamba intigrali ya thamani kamili ya keneli fulani (keneli ni funksheni inayotumika kama uzito ndani ya intigrali) inakua kama log N, nikabaki naitazama karatasi kama mtu aliyesahau namba yake ya simu. Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga kinyume na nilivyosoma mimi.

Kagua ghala kwanza

Huhitaji vitu vingi, ila hivyo vichache uwe navyo mkononi, sio "nilishawahi kusoma". Kwenye kipimo cha Lebesgue ujue ni lini unaruhusiwa kuingiza limiti ndani ya intigrali, lini unaruhusiwa kugeuza mpangilio wa intigrali mbili (Fubini), inekwaliti za Hölder na Minkowski, na kwamba funksheni yoyote ya L1 (ambayo intigrali ya thamani yake kamili ina mwisho) unaweza kuikaribia unavyotaka kwa funksheni isiyokatika ambayo ni sifuri nje ya eneo finyu. Kwenye analisisi ya nafasi za Banach jua theoremu ya Banach na Steinhaus (kama opereta nyingi zina dari kwenye kila funksheni moja moja, basi zina dari moja ya pamoja), utaiona inavyofanya kazi hapa chini. Namba changamano kidogo, hasa intigrali za kuzunguka njia.

Jipime hivi: andika bila kuangalia popote mfano wa funksheni zinazokwenda sifuri kwenye kila nukta lakini intigrali ya kila moja ni 1. Jibu moja ni n kwenye nafasi ya 0 mpaka 1/n (ncha zenyewe hazimo), kwingine sifuri. Kama dakika kumi zimepita na hujapata, rudi kwenye kipimo kwa wiki mbili, sio aibu. Na kama kipimo hujakisoma kabisa bado unaweza kuanza, juzuu ya kwanza ya Stein na Shakarchi (2003) imeandikwa kwa intigrali ya Riemann makusudi kabisa, ila elewa kwamba hapo unapasha misuli tu, uzamili wenyewe uko mbele.

Amua 2π yako inakaa wapi

Hii inaonekana ndogo mpaka ikupotezee siku nzima. Transfomu ya Fourier (inayogeuza funksheni ya x kuwa ya frikwensi ξ) kuna wanaoiandika na e^(-2πixξ), kuna wanaoiandika na e^(-ixξ) halafu 1/2π inakuja kwenye kurudi, kuna wanaogawana mzizi wa 2π pande zote mbili. Zote sahihi. Ukichanganya kitabu kimoja na noti za mwalimu mwingine utapata majibu yamezidi mara 2π na utatafuta kosa kwenye hoja wakati hoja haina kosa. Mimi nachukua ya kwanza sababu theoremu ya Plancherel inatoka safi, nomu ya L2 ya f (mzizi wa intigrali ya |f|²) ni sawa sawa na nomu ya L2 ya transfomu yake, hamna kitu cha kubeba, na e^(-πx²) inakuwa transfomu ya yeye mwenyewe. Gharama yake ni kwamba kila ukidifarenshieti unazidisha kwa 2πiξ. Kwenye mfululizo wa kwenye duara watu wengi wanabaki na e^(inx) kutoka -π mpaka π, na mimi hapa chini nafanya hivyo. Andika chaguo lako kwenye jalada la daftari, ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa.

Keneli ya Dirichlet, kwa mkono, mpaka mwisho

Hapa kaa sana. Kama una wiki moja tu ya kusoma hili somo itumie yote hapa.

Ukijumlisha mfululizo wa Fourier wa f mpaka N, unachopata ni f ikifanyiwa konvolusheni (wastani wenye uzito unaoteleza) na D_N, na D_N(x) ni jumla ya e^(inx) kwa n kutoka -N mpaka N. Ni mfululizo wa jiometri tu, ujumlishe mwenyewe, utapata sin((N+½)x) kugawanya kwa sin(x/2). Pale sifuri thamani yake ni 2N+1. Ichore kwa N = 5 halafu N = 20, kwa penseli kama unaweza. Utaona mlima mmoja mrefu katikati na mikia inayopanda na kushuka pande zote, chanya hasi chanya hasi.

Sasa swali la mtihani wangu. Chukua |D_N|, wastani wake kwenye duara unakuaje? sin(x/2) haizidi x/2, kwa hiyo ukigawanya kwa sin(x/2) unapata angalau kama ungezidisha kwa 2/x. Badilisha kigezo u = (N+½)x, nusu ya duara inakupa angalau mara mbili ya intigrali ya |sin u|/u kutoka 0 mpaka (N+½)π. Hapo sasa ndo pa kukata: kata kila penye π, kipande cha kwanza 0 mpaka π, cha pili π mpaka 2π, na kuendelea. Ndani ya kipande cha k, u haizidi kπ, na intigrali ya |sin u| ndani ya kipande chochote ni 2. Kwa hiyo kila kipande kinachangia angalau 2/(kπ). Jumlisha N vya kwanza, rudisha upande wa pili wa duara, gawanya kwa 2π, unapata angalau (4/π²)(1 + 1/2 + 1/3 + ... + 1/N), yaani takriban (4/π²) log N. Imekwisha, mistari mitano.

Angalia hiyo log vizuri maana utaishi nayo. Inakua polepole ajabu, hata N ikifika milioni moja huo wastani bado haujafika 7. Lakini haiachi kukua, na Banach na Steinhaus hawajali spidi, wanajali tu kama kuna dari au hamna. Hamna dari, basi ipo funksheni isiyokatika ambayo mfululizo wake wa Fourier unalipuka pale sifuri. du Bois-Reymond alishatengeneza mfano wa namna hiyo mwaka 1873 bila hiyo theoremu, kwa jasho. Watu wengi walikuwa wanaamini kwamba isiyokatika inatosha, Dirichlet mwaka 1829 alithibitisha kwa funksheni zenye masharti mazuri zaidi na matumaini yalikuwa masharti yatalegezwa tu taratibu. Hayakulegezwa.

Ukimaliza hapo fanya Fejér siku hiyo hiyo. Chukua wastani wa D_0 mpaka D_(N-1), utapata (1/N) mara mraba wa sin(Nx/2)/sin(x/2). Mraba! Haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo wastani wa thamani yake kamili ni ule ule wastani wake wa kawaida, ambao ni 1, na mkia wake unakufa kama 1/(Nx²). Hapo funksheni yoyote isiyokatika unaipata tena, tena kwa usawa kwenye duara zima. Uthibitisho: kata |x| chini ya δ na juu ya δ. Karibu unatumia kwamba f haikatiki, mbali unatumia mkia. Andika karatasi mbili ubavu kwa ubavu, Dirichlet kushoto Fejér kulia, uzungushie duara mstari ambapo hoja inayofanya kazi kulia inakufa kushoto. Ni mstari mmoja tu. Hiyo karatasi mi bado ninayo.

Hamia kwenye mstari mzima, na jifunze kunusa inekwaliti za uongo

Kwenye R vitu vya lazima ni nafasi ya Schwartz (funksheni laini zinazokufa haraka), kugeuza transfomu, Plancherel (1910), na distribusheni (funksheni kwa maana pana zaidi) kiasi cha kutokuogopa delta, ile yenye uzito wote kwenye nukta moja. Sitakaa hapa, vitabu vyote vinafanya vizuri na hoja ni zile zile za keneli nzuri, safari hii ukitumia Gauss badala ya Fejér.

Nitakaa kwenye ujanja mmoja ambao sikufundishwa darasani: kunyoosha na kubana. Mtu akikuletea inekwaliti inayosema nomu ya Lq ya transfomu haizidi C mara nomu ya Lp ya f (kama L2, ila pawa ni p badala ya 2), kabla hujaanza kuithibitisha weka f(λx) badala ya f(x). Kwenye R wenye vipimo n, nomu ya Lp inazidishwa na λ^(-n/p). Transfomu inakuwa λ^(-n) mara ile ya zamani ikisomwa kwenye ξ/λ, na nomu yake ya Lq inazidishwa na λ^(-n+n/q). Kama hizo pawa mbili hazilingani, peleka λ kwenye sifuri au kwenye infiniti, upande mmoja utaponda mwingine na inekwaliti inakufa. Kwa hiyo lazima 1/p + 1/q = 1. Dakika mbili, na umeshajua inekwaliti ya Hausdorff na Young, ambayo ndo hiyo hiyo, inaongelea namba zipi bila kufungua kitabu. Haikwambii kila kitu, mfano haikwambii kwanini p isizidi 2, hiyo inahitaji mfano mwingine (jaribu Gauss ikizidishwa na e^(iπtx²), t ikiwa kubwa: ukubwa wa f haubadiliki hata kidogo ila transfomu inatandazika). Ila inafuta makosa mengi sana. Siku hizi hata mwalimu akiandika inekwaliti ubaoni mkono wangu unaanza kupima wenyewe, na kuna mara mbili nimemkuta amekosea pawa.

Funksheni ya upeo, pale ambapo L1 inakusaliti

Hardy na Littlewood, 1930. Kwa kila x chukua wastani wa |f| kwenye mpira wenye kitovu x, jaribu kila ukubwa wa mpira, ubaki na wastani mkubwa kabisa. Hiyo ni Mf(x). Sababu ya kuitaka ni kwamba kila unapouliza "je kitu fulani kinafika kwenye kikomo karibu kila mahali" utajikuta unahitaji kitu kinachotawala limiti zote kwa mkupuo, na hicho ndo hiki.

Kabla ya theoremu fanya mfano. f iwe 1 kwenye nafasi ya 0 mpaka 1, kwingine sifuri. Simama kwenye x kubwa kuliko 1, chukua kipande chenye kitovu x na nusu upana x, kinaimeza 0 mpaka 1 yote, wastani ni 1/(2x). Kwa hiyo Mf ni angalau 1/(2x) huko mbali, na intigrali ya 1/x hadi infiniti inalipuka, log tena! Yaani umeingiza funksheni ya kawaida kabisa ya L1 na iliyotoka sio ya L1. Wengi hapa wanakata tamaa au wanaruka kwenda L2. Usiruke. Badala ya kuuliza intigrali ya Mf, uliza eneo ambapo Mf imezidi λ lina ukubwa gani. Jibu: halizidi 3^n mara nomu ya L1 ya f kugawanya λ. Ndo inaitwa aina dhaifu, na kwa matumizi mengi inatosha kabisa.

Ile 3 inatoka wapi? Kila nukta ya hilo eneo ina mpira wenye wastani uliozidi λ. Mipira inagongana hovyo. Chagua mkubwa kuliko yote, fukuza yote inayougusa, kisha mkubwa kwenye iliyobaki, endelea. Uliofukuzwa ulikuwa mdogo kuliko uliouangusha na ulikuwa umeugusa, kwa hiyo ukimpanua mshindi mara tatu anamfunika aliyefukuzwa mzima mzima. Mipira iliyobaki haigusani kwa hiyo intigrali zake zinajumlishika bila kuhesabu kitu mara mbili. (Kama mipira haina idadi, kwanza chukua kipande kilichofungwa na chenye mipaka cha hilo eneo ubakiwe na mipira michache, watu wanasahau hilo kwenye mtihani na linakatwa alama.)

Baada ya hapo Lp zote zenye p zaidi ya 1 zinakuja bure kwa intapolesheni ya Marcinkiewicz (una makadirio ya ncha mbili, unapata ya katikati): kwenye kila λ unakata f pale inapozidi λ/2, kubwa unaipeleka kwenye aina dhaifu, ndogo unaipeleka kwenye L-infiniti (funksheni zenye dari). Ithibitishe mwenyewe mara moja, usiitumie kama sanduku lililofungwa. Intapolesheni ya Riesz na Thorin nayo soma, ila uthibitisho wake unapita kwenye namba changamano na ni mnyama mwingine, ukielewa inasema nini kwa sasa unaweza kusonga.

Hilbert, halafu Calderón na Zygmund

Transfomu ya Hilbert ni konvolusheni na 1/(πx), ukikwepa sifuri kwa kulinganisha pande zote mbili. Kwenye upande wa frikwensi inazidisha kwa -i mara alama ya ξ, kwa hiyo L2 ni kazi ya mstari mmoja. Hesabu kwa mkono ile ya kipande cha a mpaka b: unapata (1/π) log ya |x-a|/|x-b|. Itazame. Kwenye ncha a na b inalipuka, basi L-infiniti haijapona. Mbali inakufa kama 1/x, basi L1 nayo haijapona. Yaani hesabu moja tu imekuonyesha kwanini theoremu ya Marcel Riesz, kwamba transfomu ya Hilbert ina dari kwenye Lp, inasema p kati ya 1 na infiniti bila ncha zenyewe.

Kwa L1 unaenda kwenye mgawanyo wa Calderón na Zygmund, 1952, na huu ndo ukataji wa kifalme. Chagua λ. Gawa nafasi kwenye miraba mikubwa yenye wastani chini ya λ, kila mraba uukate nusu kila upande, wenye wastani uliozidi λ usimamishe hapo, wengine endelea kuwakata. Waliosimamishwa wastani wao hauzidi 2^n λ kwa sababu mzazi wao alikuwa chini ya λ. Sasa f = g + b: g ni nzuri, haizidi dari, ipeleke L2. b ni mbaya ila kwenye kila mraba intigrali yake ni sifuri, na hiyo sifuri ndo roho ya mambo yote. Kwa sababu ni sifuri unaweza kutoa K(x - kitovu) bure bila kubadilisha kitu, na tofauti ya keneli kwenye nukta mbili zilizo karibu inakufa haraka zaidi kuliko keneli yenyewe, 1/x inakuwa 1/x², na 1/x² ina intigrali. Ile log iliyokusumbua toka Dirichlet imenyongwa hapo. Ukishaona hivyo, mengine ya intigrali singula (zenye keneli inayolipuka kwenye nukta moja) ni kurudia kwa mavazi tofauti.

Mambo ya ratiba

Kitabu kimoja mkononi, cha pili kwa ajili ya kuuliza tu. Mazoezi mengi kuliko kurasa, mi napiga ukurasa mmoja kwa zoezi moja na sioni aibu. Kila uthibitisho ukishausoma funga kitabu andika mistari mitatu: nini kinakatwa, wapi, konstanti inategemea nini. Hilo la mwisho ni muhimu, ukubwa wa C hakuna anayejali ila kama C inategemea N au f bila wewe kujua basi hujathibitisha chochote. Ukipata mwenzio wa kusomea mpe uthibitisho wako autafutie tundu, mpe ruhusa ya kuwa mkorofi.

Na Carleson? Theoremu ya mwaka 1966, kwamba mfululizo wa Fourier wa funksheni ya L2 unatulia karibu kila mahali, Hunt akaipanua kwa Lp zote zenye p zaidi ya 1. Kolmogorov alishaonyesha mwaka 1923 kwamba kwenye L1 unaweza kulipuka karibu kila mahali. Jua zinasema nini, jua zinapakana wapi, uthibitisho wa Carleson uache mwaka wa kwanza. Najua wanaoanza nao kwa sifa, wanakwama ukurasa wa nne na wanaondoka na somo zima.

Badala yake, ukimaliza hayo ya juu na ukataka kuonja utafiti, chukua makala ya Charles Fefferman ya 1971 kuhusu kukata frikwensi kwa mpira. Ina kurasa saba tu. Inaonyesha kwamba kuanzia vipimo viwili, ukibakiza frikwensi zilizo ndani ya mpira na kutupa za nje, opereta hiyo haina dari kwenye Lp yoyote isipokuwa L2, wakati kwenye mstari mmoja inatoka kirahisi kutokana na Hilbert. Silaha yake ni seti za Besicovitch: pembetatu inakatwa vipande vyembamba vyembamba na vipande vinasogezwa vilaliane mpaka eneo linakuwa dogo unavyotaka. Dhana ya Kakeya, kuhusu seti zenye kipande cha mstari kila upande zinaweza kuwa ndogo kiasi gani, inahusu seti za namna hiyo hiyo, na kwa vipimo vitatu Hong Wang na Joshua Zahl walitangaza uthibitisho mwaka 2025, kwa hiyo huendi kwenye makumbusho. Raundi ya kwanza usithibitishe kitu, soma na penseli utie alama kila anapokata. Raundi ya pili ndo ujaze hesabu, mi ilinichukua wiki tatu na kuna mstari mmoja bado una alama ya kuuliza pembeni.